Naomba ushauri: saa ya PTP kwenye studio ya TV inayohamia IP, GPS ikipotea tunasimamaje?

FundiMitambo_Dar

Wakuu, salaam. Kituo cha TV hapa Dar kinaachana na SDI (kila picha na kebo yake) na kuhamia ST 2110 (picha na sauti kama pakiti za mtandao wa IP). Kamera, mikseri na nyaya vinaeleweka. Saa ya PTP, yaani itifaki inayolinganisha saa za vifaa vyote kupitia mtandao, ndiyo imekwama. Hali ilivyo:

Studio mbili, chumba cha urushaji, na chumba cha mitambo ghorofa ya chini. Mitandao miwili inayojitegemea, nyekundu na bluu, kwa ajili ya ST 2022-7, yaani kila pakiti inatumwa kwa njia zote mbili. Kila upande una swichi kuu inayojua PTP, na swichi nne za pembeni za gigabiti 1 kwa ajili ya sauti na interkomu. Mbili kati ya hizo nne hazijui PTP kabisa. Saa kuu ni mbili, A na B, zote zina oskileta ya OCXO (kioo kinachotunzwa kwenye joto lisilobadilika), na kila moja ina mlango kwenye kila mtandao. priority1 (namba ya kipaumbele, ndogo ndiyo inashinda) ya A ni 10, ya B ni 20. Antena ya GPS ni moja juu ya paa, inashuka kwa kebo nyembamba ya RG-58 mita 60 hadi kwenye kigawanyaji kinacholisha saa zote mbili.

Jaribio: kebo ya saa A ilichomolewa kwenye kigawanyaji jioni, ikarudishwa baada ya masaa 12. Usiku kucha hakuna tatizo. Dakika chache baada ya kuirudisha, sauti ikapasuka studio zote mbili na vifaa vitatu vikaonyesha vimepoteza PTP. Jambo la pili: vifaa vilivyo nyuma ya zile swichi mbili vinaonyesha tofauti ya saa inayoruka hadi mikrosekunde 20 mchana, usiku inatulia.

Mkandarasi anasema dawa ni kununua saa za rubidi (oskileta ya atomi). Ni kweli? Na antena moja inatosha? Natanguliza shukrani.

---

Nanosekunde

Mkuu, usinunue kitu bado. Kosa la kwanza umeliandika mwenyewe: priority1 ni 10 na 20.

PTP inapochagua saa kuu hulinganisha kwa mpangilio huu: priority1, kisha clockClass (daraja la ubora wa saa kwa wakati huo), kisha clockAccuracy, kisha uthabiti wa oskileta, kisha priority2, na mwisho kitambulisho cha saa. Hushuka hatua inayofuata pale tu ya juu zinapolingana. A ilipopoteza satelaiti, clockClass yake ilitoka 6 ikawa 7 au zaidi, yaani ilijitangaza yenyewe kwamba imeshuka. Lakini hakuna aliyesoma tangazo hilo, kwa sababu 10 ilishaishinda 20 kabla. B, yenye satelaiti zote, ikakaa pembeni masaa 12 ikitazama.

Kwa hiyo A ilielea usiku kucha na studio nzima ikaelea nayo. Hakuna aliyeona kwa kuwa vifaa vyote vilikuwa vinamfuata yule yule. Kebo iliporudi, A iligundua iko mbali na GPS ikaruka kurudi mahali pake. Huo mruko ndio uliopasua sauti.

Tiba:

Weka priority1 sawa, 128 kwa zote mbili. Tofauti iwe kwenye priority2: A 128, B 129. Hapo clockClass ndiyo itakayoamua, na priority2 itaamua tu pale zote zikiwa na hali moja.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya saa zenyewe utafute inavyorudi baada ya kukosa GNSS (GPS na mifumo mingine ya satelaiti). Saa nyingi za utangazaji zina chaguo mbili, kuruka au kusogea polepole. Chagua kusogea polepole. Na A ikirudi, isiipokonye B kazi mara moja. Iache itulie kwanza, dakika 15 au 30.

Halafu rudia jaribio. Safari hii A ikijitangaza kwamba imeshuka, B ichukue ndani ya sekunde moja hivi, maana kwa ST 2059-2 (kanuni za PTP kwa utangazaji) tangazo hutoka kila milisekunde 250; A ikizimika kabisa, kifaa hungoja matatu yapite kimya.

---

Pwani_RF

Mimi niseme ya paani, kwa sababu hiyo antena moja inafuta faida yote ya kuwa na saa mbili. Radi moja, panya mmoja, fundi wa paa mmoja, na A na B zinapofuka pamoja.

RG-58 mita 60 usiiguse. GPS L1 iko 1575.42 MHz, na kwenye masafa hayo RG-58 inakula zaidi ya desibeli 40 kwa urefu huo. Antena nyingi za saa zinakuza desibeli 26 hadi 40, kwa hiyo mawimbi yanafika kwenye kipokezi yakiwa hoi hata siku ya jua. Kebo ya daraja la LMR-400 hupoteza kama desibeli 10 tu kwa mita 60.

Weka antena mbili, kila saa na yake, kwenye pembe mbili za paa, na kebo zishuke kwa njia tofauti. Zikae mbali na sahani za VSAT na maikrowevu, na zione anga pande zote. Kwenye mahali kebo inapoingia jengoni weka kinga ya radi inayopitisha umeme wa DC, kwa sababu antena inalishwa volti 5 kupitia kebo hiyo hiyo. Kinga ifungwe kwenye ardhi ya jengo kwa waya mfupi na mnene. Kinga isiyo na ardhi ni pambo.

Usisahau kufidia urefu wa kebo. RG-58 inachelewesha nanosekunde 5 kwa mita, LMR-400 karibu 3.9. Mita 60 za LMR-400 ni kama nanosekunde 236. Kila saa iandikiwe thamani ya kebo yake. Ukiandika ya A ukaacha ya B, siku B ikichukua kazi studio nzima inaruka robo ya mikrosekunde, na mtahangaika kutafuta mchawi kwenye swichi.

Kigawanyaji kama kitabaki kwa muda: tundu moja tu ndilo lipitishe DC kwenda antena, mengine yawe na mzigo ndani unaoigiza antena, la sivyo saa B italia kila siku kwamba antena haipo.

---

MtandaoKE

Kaka, hiyo mikrosekunde 20 si ugonjwa wa saa, ni foleni.

Pakiti ya baiti 1500 kwenye mlango wa gigabiti 1 inachukua mikrosekunde 12 kutoka. Pakiti ya PTP ikikuta moja ndiyo inatoka na nyingine imetangulia kwenye foleni, tayari umepoteza mikrosekunde 20 na kitu. Swichi isiyojua PTP haimwambii mtu yeyote kwamba imeichelewesha. Usiku trafiki inapungua, foleni inaisha, ndiyo maana inatulia.

PTP hupima safari ya kwenda na ya kurudi kisha hugawa kwa mbili, ikiamini njia zinalingana. Zisipolingana, kosa ni nusu ya tofauti. Hilo likumbuke hata kwenye faiba: ukienda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine iliyozidi mita 200, tofauti ni kama nanosekunde 1000, na vifaa vyote vya upande huo vitakosea nanosekunde 500 bila alamu yoyote.

Badilisha hizo swichi mbili. Unayotaka ni inayoshika saa yenyewe na kuisambaza upya kwa walio chini yake. Kwenye menyu huandikwa boundary clock. Faida ya pili ni mzigo: kila kifaa huuliza mara 8 kwa sekunde, kwa hiyo vifaa 100 ni maswali 800 na majibu 800 kila sekunde. Swichi ikiyajibu, saa kuu inapumua.

Wakati unasubiri manunuzi: PTP iwe na alama ya kipaumbele ya DSCP 46 na foleni ya juu kabisa, media iwe 34. Zima kuokoa umeme kwenye milango yote, ile 802.3az, maana inalaza mlango na kuuamsha kwa kuchelewa. Kipaumbele kitapunguza foleni, lakini hakiwezi kuikata pakiti ambayo imeshaanza kutoka, kwa hiyo utabaki na hadi mikrosekunde 12. Ni nafuu tu.

---

FundiMitambo_Dar

Nimeelewa, wakuu. Lakini rubidi bado najiuliza. Tuseme antena zote mbili zimezibwa siku nzima?

---

Nanosekunde

Tupige hesabu. Oskileta inayokosea sehemu 1 kwa bilioni 10 huelea mikrosekunde 8.6 kwa siku. Kukaa ndani ya mikrosekunde 1 kwa masaa 24 unahitaji kosa la wastani lisizidi sehemu 1.16 kwa bilioni 100. OCXO ya kawaida haifiki hapo. Rubidi iliyokwisha kufuata GPS siku kadhaa hukaribia hapo, mradi chumba kisibadilike joto. AC ikizimika nayo huyumba.

Lakini jiulize ni nani anayeumia. ST 2059-2 inataka vifaa vipishane si zaidi ya mikrosekunde 1 vyenyewe kwa vyenyewe. Ndani ya jengo lenu vyote vikifuata saa moja, hata ikielea mikrosekunde 9 kutoka GPS, picha na sauti haziachani. Minara ya DVB-T2 (ya kurusha TV ya kidijitali) nayo haiguswi: muda wa mtandao wa masafa mamoja, ambapo minara yote hurusha kwa masafa yale yale, unagongwa kwenye geti la T2 la mwenye maltipleksi (anayerusha vituo vingi pamoja), na kila mnara una GPS yake. Yeye ndiye anayehitaji rubidi kwa kweli, kwa sababu mikrosekunde 1 kwake ni mita 300 za hewani.

Nyinyi mtaihitaji siku mkiwa na jengo la pili lenye saa yake na mnabadilishana ST 2110 kwa faiba. Majengo mawili yanayoelea kila moja upande wake hayatapatana.

Fedha ya rubidi nunulia swichi na antena.

---

Pwani_RF

Naongezea hapo, kwa sababu kuzibwa si hatari pekee. Saa iliyokosa satelaiti inajitangaza. Ile inayopokea satelaiti zenye taarifa mbovu haijitangazi.

Tarehe 26 Januari 2016 GPS yenyewe ilirusha kosa la mikrosekunde 13 kwenye uhusiano wake na UTC (saa rasmi ya dunia), baada ya setilaiti SVN 23 kuondolewa kazini. Vipokezi vilionyesha kijani. Redio ya kidijitali ya BBC huko Uingereza ilivurugika. Julai 2019 ikawa zamu ya Galileo kukosekana kwa siku kadhaa. Kwa hiyo saa A iendeshe GPS pamoja na Galileo, na B iwe na mchanganyiko tofauti, ikiwezekana ya mtengenezaji mwingine.

Saa mbili zikitofautiana huwezi kujua ipi imekosea. Unahitaji shahidi wa tatu. Kama mwenye faiba wenu anauza PTP ya daraja la simu, G.8275.1, iingizeni kama kumbukumbu ya kulinganisha tu, isitawale. Kwa makosa makubwa ya sekunde nzima, seva ya chrony (programu ya saa) yenye vyanzo vinne vya NTP (saa za mtandaoni) inatosha kupiga kelele.

Fuatilia pia nguvu ya kila setilaiti. Kawaida ni 40 hadi 50 dB-Hz. Zote zikishuka pamoja kwa 10, kuna kizibio karibu, mara nyingi kile cha kuchomeka kwenye gari. Zote zikiwa na nguvu inayolingana mno, shuku mawimbi ya kughushi. Na sisi wa ukanda wa ikweta tuna la ziada: baada ya jua kuzama tabaka la ionosfia huchafuka na kuyumbisha mawimbi, hasa miezi ya Machi na Septemba. Kipokezi cha masafa mawili, L1 na L5, hukokotoa ucheleweshaji unaoletwa na ionosfia na kuuondoa. Cha L1 peke yake hukisia.

---

MtandaoKE

Kupima bila kifaa cha bei: chukua seva ya Linux, hakikisha kadi ya mtandao inapiga muhuri wa muda kwenye maunzi:

`ethtool -T eth0`

Faili la ptp4l (programu ya PTP ya Linux) liwe na `domainNumber 127`, `logAnnounceInterval -2`, `logSyncInterval -3`, `logMinDelayReqInterval -3`, `slaveOnly 1`. Kisha:

`pmc -u -b 0 -d 127 'GET TIME_STATUS_NP'`

Angalia master_offset (tofauti na saa kuu) na gmIdentity (kitambulisho cha saa kuu). Kitambulisho kikiwa si cha A wala cha B, kuna kifaa kimejifanya saa kuu. Kwenye swichi, zuia milango ya vifaa vya kawaida isipokee matangazo ya saa kuu.

---

FundiMitambo_Dar

Mrejesho: priority1 zote sasa ni 128. A ikichomolewa B inachukua, na kurudi hakuna mpasuko hata mmoja. Antena mbili na swichi zimeingia kwenye maombi ya manunuzi, rubidi imeondolewa.

Limebaki moja. Saa za ukutani zinazosoma PTP zinatangulia saa ya kweli kwa sekunde 37. Tofauti ya saa za hapa imeandikwa 10800 kwenye saa kuu.

---

Nanosekunde

Andika 10763. PTP inahesabu kwa TAI (saa ya atomi isiyoongezwa sekunde za marekebisho), ambayo imetangulia UTC kwa sekunde 37 tangu Januari 2017, na ile tofauti ya saa za hapa kwenye ujumbe wa SMPTE (wenye viwango hivi vya ST) hupimwa kutoka PTP, si kutoka UTC. Masaa matatu ni 10800, toa 37. Fanya kwa A na B kwa pamoja, na wakati wa kulazimisha timecode (namba ya saa ya kila fremu) upya uweke saa 10 alfajiri pasipo na kipindi mubashara.