Je, bati linaweza kuchukua nafasi ya risasi katika seli za jua za perovskaiti?

Swali

Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Seli za jua za perovskaiti, yaani zinazofyonza mwanga kwa fuwele zenye mpangilio wa atomi kama wa madini yaitwayo perovskaiti, ziliripotiwa nchini Japani mwaka 2009 zikiwa na ufanisi wa asilimia 3.8 tu, na leo zile bora za maabara zimevuka asilimia 26. Hata hivyo, karibu zote hizo zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kwa nini yasiondolewe na kuwekwa madini mengine?

Jibu la kwanza

Ioni (atomi yenye chaji) ya risasi hukaa katikati ya ioni sita za iodini, na mpangilio huo hufyonza mwanga vizuri kiasi kwamba utando wa unene wa nusu maikromita unatosha. Inayoikaribia zaidi ni bati, iliyo katika kundi moja nayo kwenye jedwali la elementi. Tabu ni kwamba bati, likiguswa na hewa, hupoteza upesi elektroni mbili zaidi na kuacha mapengo ndani ya fuwele, na humo chaji zilizozaliwa na mwanga hupotea kabla ya kutoka nje ya seli. Ndiyo maana utando huo hutengenezwa ndani ya kisanduku kilichojazwa naitrojeni, na fluoridi ya bati huongezwa ili kupunguza mapengo. Hata dimethili salfoksaidi, kiyeyushi kinachotumiwa sana, imebainika kuoksidisha bati, yaani kulinyang'anya elektroni hizo, inapopashwa moto; kwa hiyo kuzuia hewa pekee hakutoshi. Binafsi naona hapa ndipo juhudi zielekezwe.

Jibu la pili

Bismuthi nayo imejaribiwa, ikiunganishwa na fedha, sizi (caesium) na bromini. Fuwele yake hustahimili hewa, lakini pengo lake la nishati, yaani nishati ndogo kabisa ambayo mwanga lazima uwe nayo ili ufyonzwe, ni kubwa, takriban elektroni-volti 2, hivyo sehemu kubwa ya mwanga wa jua hupita bure.

Jibu la tatu

Nakubaliana na waliotangulia, ila tusichukulie kwamba kisicho na risasi ni salama moja kwa moja, kwa sababu iodidi ya bati ikiingia majini huyafanya kuwa na asidi inayodhuru samaki. Kwa upande mwingine, mita moja ya mraba ya utando wa kawaida ina risasi isiyofika gramu moja. Hatari yake ni kwamba huyeyuka majini kioo kikipasuka na mvua ikanyesha. Kwa hiyo, wakati bati likiendelea kuboreshwa, wapo watafiti wanaofunika seli kwa tabaka linalonasa risasi kabla haijafika ardhini.