Nanga imenasa chini ya ziwa, naomba ushauri

Habari zenu wakuu, hasa nyinyi wa Dunga, Usenge na Mbita. Nanga ya mashua yetu ya omena imenasa huku Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, nadhani kwenye mwamba au nyavu kuukuu. Ni ya kulabu nne, nondo nene iliyochomelewa na fundi wa jua kali, na sitaki kuiacha.

Tumeshavuta wima, wapi! Tukafupisha kamba, tukaifunga omo (mbele ya mashua), watu wote wakasogea mbele kisha wakarudi tezi (nyuma) kwa pamoja ili mashua yenyewe iinue. Omo ikazama mpaka maji yakakaribia kuingia, tukalegeza haraka. Kwa sasa kamba tumeifunga kwenye mtungi mtupu, unaelea kama boya.

Mzee mmoja ufuoni anasema tuzungushie kamba pete ya mnyororo, tuiteremshe hadi kwenye mti wa nanga (ile nondo ya katikati), halafu tuivute kwa kamba ya pili kutoka upande wa pili. Je, kwa nanga ya kulabu kila upande inasaidia, au pete itanasa nayo? Nikitumia injini, nondo haitanyooka?

Kupiga mbizi msiniambie. Maji ni tope tupu, viboko wapo, na kichocho nacho.

Halafu, wanaofunga kamba chini penye kulabu na kuishikiza kwenye ncha ya juu ya mti wa nanga kwa uzi dhaifu ili ukatike nanga ikinasa: huo uzi unastahimili mawimbi ya usiku kweli? Mnatumia uzi gani?