Kitenzi "have" cha Kiingereza: lini huchukua "-ing", na kwa nini hakikai na "yesterday"?

Mpokea wageni, Nungwi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nafanya kazi katika mapokezi ya nyumba ya wageni, na kila siku huandika barua pepe kwa Kiingereza. Mimi na mwenzangu wa zamu tunabishana juu ya kitenzi "have". Yeye huandika "We are having two rooms free today", kwa hoja kwamba vyumba hivyo tunavyo sasa hivi, na jambo la sasa hivi huchukua "-ing". Mimi naona si sawa, lakini hunishinda anaponikumbusha kwamba wageni kutoka Uingereza wenyewe husema "We are having breakfast". Tunavutana pia juu ya "The family has arrived yesterday". Naomba mwenye ujuzi atufafanulie, kwa kuwa kamusi hutupa maana tu, haituoneshi mipaka ya matumizi.

Mwalimu mstaafu, Wete

Waalaykum salaam, mwanangu. Kiswahili chetu hutumia "-na-" moja kwa kazi mbili: "ninafanya kazi hotelini" huweza kuwa ajira yako ya siku zote, na huweza kuwa jambo unalolifanya dakika hii. Kiingereza kimezitenga kazi hizo, "I work" upande mmoja na "I am working" upande wa pili, na kuwa na kitu hukihesabu kuwa ni hali, si tendo linaloendelea. Kwa hiyo tunasema "We have two rooms free", "She has a brother in Chake Chake", "I have a headache", hata kama kichwa kinauma sasa hivi. Ama hao wageni wanaokula, kitenzi chao kimeacha maana ya kuwa na kitu na kimekuwa kula, na kula ni tendo, ndiyo maana "having" imekubalika. Hali ni hiyo hiyo katika "having a bath" na "having a meeting".

Kipimo ninachokiamini ni hiki: ikiwa "have" ya sentensi yako inaweza kufasiriwa kwa kitenzi cha tendo, kama kula, kuoga au kukutana, "-ing" ina nafasi, ikiwa haifasiriki ila kwa "kuwa na", iache. Mpango uliokwisha kupangwa nao hukubali, kama "We are having guests tonight".

Kuhusu "yesterday", chanzo ni sisi wenyewe. Huku kwetu mtu akisema "wamefika jana", hakuna anayeshangaa. Kiingereza hakikubali, kwa sababu "has arrived" huunganisha jambo na wakati tulionao, na jana imeshafungwa. Andikeni "The family arrived yesterday", au "The family has arrived" bila ya kutaja siku. "Today" na "this week" hazina tatizo maadamu siku au wiki yenyewe haijaisha.

Fundi cherehani, Darajani

Mwalimu, kwa idhini yako niongeze jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko hayo mawili. Sikukuu inapokaribia, mtu husema "nimeshona kanzu" na hali hajashika sindano, na sote tunafahamu kwamba kaipeleka kwa fundi. Akiifasiri kwa Kiingereza, "I have sewn a kanzu", msikilizaji atamdhania kuwa yeye ndiye fundi. Anayetaka kusema ameshonesha hana budi kukitanguliza kitu mbele ya tendo: "I have had a kanzu sewn", au kwa wakati uliopita, "I had a kanzu sewn". Tazameni "I had repaired the boat" na "I had the boat repaired". Maneno ni yale yale, yamehama nafasi tu, lakini la kwanza ni la fundi wa chombo na la pili ni la mwenye chombo aliyemlipa fundi. Mwenzako wa zamu naye angebadilisha neno moja tu, "We are having two rooms painted today", sentensi yake ingekuwa sahihi kabisa, ingawa wageni wasingepata vyumba.

Mtembeza wageni, Mji Mkongwe

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu jana, ila ningependa ndugu yetu asishangae akiwasikia Wamarekani. Mwingereza huuliza "Have you eaten yet?", na Mmarekani mara nyingi husema "Did you eat yet?", wala hajakosea kwa Kiingereza cha kwao. Wazee wetu waliosomeshwa zama za himaya ya Uingereza, iliyokwisha mwaka 1963, bado huuliza "Have you any change?" Ni sahihi, lakini siku hizi imechakaa, na "Do you have any change?" hufahamika kila mahali. Baada ya "does" msiandike "has": ni "Does he have", basi.

Mpokea wageni, Nungwi

Ahsanteni sana. Limebaki moja. Meneja wetu amekwenda Pemba na wageni wanamuulizia. Je, tuwajibu "He has been to Pemba" au "He has gone to Pemba"?

Mwalimu mstaafu, Wete

Ikiwa bado yuko huku kwetu Pemba, semeni "He has gone to Pemba". "He has been to Pemba" maana yake alikwenda na amesharudi, na mgeni akilisikia hilo ataketi hapo mapokezi kumngoja. Akitaka kujua tangu lini, mwambieni "He has been in Pemba since Monday". Hapo "in" imeshika nafasi ya "to", na maana ni kwamba yuko huko mpaka sasa.