Wauza dawa, acheni kutupa krimu ya steroidi kwa kila fangasi!

Wakuu, nina hasira na leo nasema.

Mtoto wa dada yangu alitokwa na duara shingoni, fangasi wa kawaida kabisa, wakapanda hadi kichwani na nywele zikaanza kukatika. Mama yake akampeleka duka la dawa la mtaani. Muuzaji hata kumgeuza mtoto shingo hakumgeuza. Kachomoa tyubu: "Mpake asubuhi na jioni, hii inamaliza kila kitu."

Nimeisoma ile tyubu. Klotrimazoli (ya kuua fangasi), neomisini (antibiotiki ya bakteria), betamethasoni. Hiyo ya mwisho ni steroidi kali! Inatuliza mwasho na uvimbe haraka, mama anafurahi mtoto anapona, kumbe imeilaza kinga ya ngozi na fangasi wanatambaa bila kizuizi. Alipoacha kupaka, duara likarudi pana kuliko mwanzo, kingo zimefifia, ngozi katikati imebaki nyembamba na nyeupe. Likifikia hapo, hata daktari anaweza kudhani ni ugonjwa mwingine.

Kichwani ndiyo balaa zaidi. Mapunye hayaponi kwa krimu, jamani! Fangasi wanakuwa ndani ya unywele na kwenye shina lake, krimu haifiki huko. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8, na aimeze na maziwa au chakula chenye mafuta ili mwili uifyonze. Au terbinafini, kutegemea aina ya fangasi. Griseofulvini ipo tangu miaka ya 1950, si siri ya mabingwa. (Na nyie vinyozi mnaohamisha mashine kichwa hadi kichwa bila kuisafisha, mnatuambukizia watoto.)

Kuna wengine wanatoa vidonge vya ketokonazoli, dawa nyingine ya fangasi, bila kumuuliza mtu kama ana tatizo la ini. Mwaka 2013 Ulaya walisimamisha vidonge hivyo kwa fangasi, Marekani wakavibana, sababu vinaweza kuharibu ini hilohilo.

Muuzaji, kama hujui, mwambie mama aende kituo cha afya. Umechukua hela yake na umemwongezea mwanawe ugonjwa.

Wafamasia mliomo humu, nijibuni: kwa nini krimu yenye betamethasoni anapewa mtoto mdogo bila cheti cha daktari?