Programu za kiangazi za CERN kwa wanafunzi na walimu, nani amewahi kwenda? Naomba mwongozo

MwlFizikia_Singida
Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa fizikia sekondari ya kata huku Singida, mwaka wa 9 huu. Kuna kijana nilimfundisha mpaka form 4, sasa yuko chuo mwaka wa 3 anasoma fizikia, juzi kanipigia ananiambia mwalimu kuna maabara kubwa ya fizikia Geneva, Uswisi, inaitwa CERN kila mwaka wanachukua wanafunzi wa vyuo wanakaa nao miezi ya joto kule kwao, wanafanya kazi na wanasayansi na wanapewa posho. Nikahisi utapeli maana vijana wetu wameliwa hela sana na watu wa skolashipu za uongo. Nimenunua bando nikaingia mwenyewe nikakuta ni kweli, tena ipo na ya walimu wa sekondari.

Sasa naomba kujua, huyu kijana ana nafasi kweli au ni za watoto wa nchi zao? Na mimi ambaye shule yangu haina hata osiloskopu, nikibahatika kwenda nitarudi na kitu gani cha kuwafaa watoto wangu? Hapo ndipo pananiuma zaidi.

dada_wa_muoni
Shikamoo mwalimu. Sio utapeli kabisa, mimi nilikwenda. Kwanza mwambie CERN haitozi hata senti kuomba, akitokea mtu anataka "hela ya usajili" huyo ni mwizi.

Nafasi anayo. Tanzania na Kenya sio nchi wanachama ila kuna mlango wa nchi zisizo wanachama na ndio tunaopitia sisi. Wanataka awe amemaliza angalau miaka 3 ya chuo kufikia kiangazi hicho, fizikia, uhandisi, kompyuta au hesabu, na asiwe ameanza PhD. Unakaa wiki 8 hadi 13. Tatizo ni kwamba dirisha linafungwa mwishoni mwa Januari, sasa huku watu wanasikia habari hizi mwezi wa 5 wakati wenzao wameshakata tiketi. Halafu zinatakiwa barua za walimu wanaomfahamu. Mimi mwaka wa kwanza niliomba kila kitu kikawa tayari, mhadhiri mmoja akaniahidi barua kila wiki mpaka dirisha likafungwa, nililia sana. Mwaka uliofuata nikaanza kuwafuata mwezi wa 10, nikawapelekea na karatasi nimeandika nilichofanya kwenye projekti yangu ili wasianze kujiuliza huyu ni nani. Ndio nikapata.

Na ajifunze kuprogramu, Python kwa uchache. Mimi niliwekwa kundi la detekta, ile mitambo ya kunasa chembe, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuandika kodi ya kuchambua data, asubuhi tunakaa lekcha wote kutoka kila pembe ya dunia, mchana kila mtu na supavaiza wake. Kuna siku nilitoka nje jioni nikatazama mashamba na milima ya Jura nikawaza hapa chini mita kama 100 kuna bomba la duara la kilomita 27 na protoni zinalizunguka zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde moja, na mimi mtoto wa Kibaha nina kadi ya kuingia getini. Siwezi kulisahau hilo.

Zile lekcha wanazirekodi na kuziweka mtandaoni bure, aanze kuzisikiliza sasa hivi asisubiri kuchaguliwa.

Mwalimu_Kisumu
Mwalimu mwenzangu salamu kutoka Kisumu. Nilienda ile ya walimu wa kimataifa, ni wiki 2, iko tangu 1998, kila kitu kwa Kiingereza. Tulikuwa walimu kama 48 hivi na karibu kila mmoja na nchi yake. Unaingia lekcha, unatembezwa kwenye mitambo, halafu mnakaa vikundi mnatengeneza namna ya kuipeleka hii fizikia darasani.

Swali lako la unarudi na nini nimelipenda kwa sababu mimi pia nilikuwa nalo ndani ya ndege. Jibu langu ni chemba ya mawingu, kifaa cha kuonyesha njia za chembe ndogo zisizoonekana. Unachukua boksi la plastiki linaloona, unabandika kitambaa kizito ndani kwenye kitako chake unakilowesha spiriti safi, isopropili, unaligeuza mdomo chini juu ya sahani ya chuma nyeusi iliyolala kwenye barafu kavu, ile ya kaboni dayoksaidi yenye baridi ya -78. Mvuke unashuka ukipoa mpaka chembe yenye chaji ikipita inaacha mstari wa ukungu nyuma yake. Unazima taa unamulika tochi kwa ubavu, subiri dakika 10 hivi. Mistari mirefu iliyonyooka mara nyingi ni muoni, chembe kama elektroni ila nzito zaidi, zinazaliwa juu angani miale ya anga za mbali inapogonga hewa. Mifupi minene ni chembe za alfa. Ile inayopinda pinda ni elektroni. Mwalimu, muoni zinapita karibu moja kila dakika kwenye kila sentimita ya mraba, mkononi mwako zinapita sasa hivi unavyosoma!!

Form 3 wangu walinyamaza kimya. Kuna msichana ambaye hakuwahi kuuliza swali mwaka mzima, akaniuliza "na hizi zinapita hata usiku tukilala?" Hapo nikajua safari imelipa.

Vaa glavu nene, fungua madirisha, na barafu kavu usiifungie kamwe kwenye chombo kisichopitisha hewa, kitapasuka.

Kgl_fizikia
Mimi niko Kigali. Msiitazame Ulaya peke yake, kuna African School of Physics ilianza 2010 kule Stellenbosch na inahamahama nchi, 2016 ilikuwa hapa kwetu. Wanafunzi wa chuo wanakaa wiki kadhaa na kuna siku za walimu na za wanafunzi wa sekondari pia. Wanaofundisha wengine wanatoka CERN na Brookhaven, maabara ya Marekani, kwa hiyo kijana anapata hata mtu wa kumwandikia barua baadaye.

Na mwalimu, kwa watoto wako wa sekondari kuna shindano la CERN linaitwa Beamline for Schools, liko tangu 2014. Timu ya wanafunzi kuanzia miaka 16 na mtu mzima mmoja wanaandika wazo la jaribio, hakuna anayeuliza shule ina vifaa gani. 2023 timu mojawapo iliyoshinda ilitoka Pakistan.

MwlFizikia_Singida
Jamani nimesoma yote mara mbili, Mungu awabariki. Mwalimu wa Kisumu, barafu kavu huku sijui nitaitoa wapi, Dar ni mbali, basi linakula siku nzima. Barafu ya kawaida na chumvi haiwezi?

Mwalimu_Kisumu
Nilijaribu, inafika -20 hivi na sikuona kitu. Agiza kwa wauza gesi kilo 10 ndani ya boksi la foamu lenye kuta nene, mfuniko uachie nafasi, kwa siku moja hupotezi yote. Ila isikae ndani na abiria, ile gesi inafukuza hewa. Tafuta pikap au gari ya mzigo ya wazi, na umwambie dereva ni kitu gani.

MwlFizikia_Singida
Mkuu wa shule ana ndugu anashusha saruji hapa kila Ijumaa kwa fuso ya wazi, nitaongea naye. Isopropili nimeshaipata duka la dawa. Na kijana nimempigia saa hii hii, kesho asubuhi anaenda kumwona mhadhiri wake wa kwanza kuhusu barua, na pasipoti anaanza wiki ijayo.

dada_wa_muoni
Mwambie akikwama kwenye ile barua ya kujieleza aniandikie inbox, nitamsomea.