Watoto wanaosomea nyumbani na kuchapa kwa vidole vyote: programu ipi, na mzazi afanye nini?

Mama wa Wawili ameuliza:

Wazazi wenzangu, salaam. Ninawasomesha wanangu wawili nyumbani, mmoja ana umri wa miaka 7 na mwingine 11, na nimeona wakati umefika wa kuwafundisha kuchapa kwenye kompyuta kwa utaratibu, maana yule mkubwa sasa insha zake zote anaziandika huko. Tatizo ni kwamba amekwisha kujizoeza kuchapa kwa vidole viwili vya shahada, macho yakiwa kwenye kibodi, na kwa kweli ana kasi ya kutosha kiasi cha kutoona sababu ya kubadilika. Nimemwekea programu ya mazoezi. Anapita hatua baada ya hatua na kupata alama za juu, lakini nikimchungulia nakuta ni vile vidole viwili. Mdogo anaipenda michezo ya programu hiyo, ila mikono yake ni midogo na nina wasiwasi kwamba huenda nimemwanzisha mapema mno. Ninaomba ushauri kuhusu programu zinazofaa, hasa zisizohitaji intaneti kwa kuwa yetu haitegemeki, na kuhusu namna ya kumsaidia huyu mkubwa.

Baba Mfundishaji amejibu:

Dada, nianze na mkubwa, kwa sababu hizo alama zake za juu ndizo zinazoeleza tatizo. Programu haivioni vidole. Inachokitambua ni kwamba kitufe cha T kimebonyezwa. Kimebonyezwa kwa kidole kipi, haina namna ya kujua, na kwa hiyo mtoto mwenye vidole viwili vyepesi atashinda hatua zote bila kujifunza kile ulichotaka ajifunze. Kazi ya kutazama vidole ni yako. Kaa ubavuni mwake, iache skrini, tazama mikono. Mwambie afumbe macho na kupapasa vile vinundu viwili vidogo vilivyo juu ya F na J: hapo ndipo vinapokaa vidole vya shahada, vingine vitatu vya kila mkono vikafuata kando yake, na vidole gumba vikabaki juu ya kitufe cha nafasi. Kila kidole kikishabonyeza kirudi mahali pake. Akishazoea hayo, mfunike mikono kwa kitambaa chepesi ili asiweze kuiona kibodi hata akitaka. Mchunge zaidi kwenye mpaka wa katikati, kwani B ni ya shahada ya kushoto ilhali Y na N ni za shahada ya kulia, na watoto wengi huuvuka mpaka huo bila kujua.

Kuhusu kasi, ningekusihi usiitaje kabisa kwa sasa. Kama usahihi wake haujafika asilimia 95, arudie somo lile lile. Tena ujue kwamba programu nyingi huhesabu kila mibonyezo 5 kuwa neno 1, nafasi zikiwemo, kwa hiyo neno kama "wanapokutembelea", lenye herufi 16, huhesabiwa kuwa zaidi ya maneno 3. Tarakimu ya maneno kwa dakika inayotokea kwenye skrini isikutie hofu wala kiburi.

Fundi wa Programu amejibu:

Kwa mdogo ninapendekeza GCompris, ambayo imekusudiwa watoto wa miaka 2 hadi 10 na ina mchezo wa kubonyeza herufi zinazoanguka kabla hazijafika chini, pamoja na Tux Typing, ambamo pengwini hula samaki wenye herufi mtoto anapobonyeza herufi iliyo sahihi. Kwa mkubwa zipo Klavaro na KTouch, ambazo hazina michezo mingi na kwa mtoto wa umri wake hiyo ni faida. Zote nne ni za bure, na zikishawekwa kwenye kompyuta hazihitaji intaneti.

Miaka 7 si mapema, mradi usimdai zaidi ya anachokiweza. Inatosha ajue kwamba nusu ya kushoto ya kibodi ni ya mkono wa kushoto na nusu ya kulia ni ya mkono wa kulia. Dakika 10 kwa siku zinamtosha. Tazama pia kiti: miguu ikining'inia mwekee kitu cha kukanyagia, na viwiko vilingane na kibodi.

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Wenzangu wamesema vema, nami naongeza jambo ambalo wazazi wetu hulisahau. Masomo ya programu hizi mara nyingi yametungwa kwa Kiingereza, na mpangilio wake wa herufi haufanani na wa lugha yetu. Mtoto anafanyishwa mazoezi ya Q na X, ambazo katika tahajia yetu hazimo, huku A, inayojaa katika kila sentensi ya Kiswahili, ikiangukia kidole kidogo cha kushoto, ambacho ni dhaifu. Kidole hicho kinahitaji mazoezi ya ziada. Kidole kidogo cha kulia nacho kizoezwe alama ya ritifaa, vinginevyo mtoto atasimama kila afikapo kwenye "ng'ombe" na "ng'oa".

Bahati njema ni kwamba A ndiyo irabu pekee iliyo katika mstari wa kati, hivyo maneno mengi yetu yanachapika bila kidole kutoka mstari huo: dada, kasha, shaka, haja, jalada, fasaha. Hata sentensi inawezekana: "kaka akakaa dada akalala". Tux Typing na KTouch zinakuruhusu kuingiza maneno yako mwenyewe. Tunga orodha, na watoto washiriki kuitunga.

Mama wa Wawili ameandika:

Ninawashukuru sana. Limebaki moja: wakati mkubwa anajifunza upya, insha zake aziandike vipi? Akichapa kwa vidole vyote atachukua muda mrefu mno na atakata tamaa.

Baba Mfundishaji amejibu:

Kwa majuma ya mwanzo aandike insha kwa kalamu, kisha achape aya moja tu ya insha hiyo kwa vidole vyote, akinakili bila kutazama kibodi. Kutunga na kutafuta herufi kwa wakati mmoja ni mzigo mkubwa kwa mtoto. Aya moja ikishakuwa nyepesi, ziwe mbili. Usimruhusu arudi kwenye vidole viwili kwa kazi ya haraka, kwa sababu mazoea ya zamani hujirudisha hapo hapo. Na kama bado anadai kwamba njia yake inatosha, msimulie habari za Frank McGurrin, aliyeikariri kibodi na mwaka 1888, mjini Cincinnati, Marekani, akamshinda Louis Traub katika shindano la kuchapa. Kisha mpe aya ya kunakili, nawe ukae pale pale ubavuni.