Msaada wa haraka: funguo imekatikia kwenye kitasa cha mlango wa gari

Kimara_Mwisho
Wakuu habari za mchana. Funguo imekatikia kwenye kitasa mlango wa dereva, gari ni Premio, kichwa ninacho mkononi kipande kiko ndani na kwa nje kinaonekana kidogo sana hata kucha haishiki. Gari limefungwa, niko Sinza juani na simu chaji inaisha. Kuna fundi hapa kijiweni anasema atoboe kitasa kwa drili aweke kingine, elfu sitini kila kitu. Kuna njia nyingine au nimruhusu tu? Matusi baadaye tafadhali.

Mama Shayo
Pole baba. Si utumie funguo ya akiba?

Fundi Kipara
Mama Shayo akiba haiwezi kuingia wakati kipande kimeziba tundu.
Mleta mada usimruhusu huyo mtu. Kwanza sema funguo ilikatika imenyooka au ulikuwa umeshaizungusha? Maana kama imezunguka, vile vibati vya ndani vinaing'ang'ania, utavuta mpaka kesho. Chukua bisibisi ndogo ya mafundi saa uirudishe silinda taratibu mpaka ikae vile funguo inavyoingilia. Halafu pulizia WD-40, yale mafuta ya kulainisha, tafuta bledi nyembamba kabisa ya msumeno, meno yatazame kwako, ipitishe upande wenye meno ya funguo, izungushe kidogo ishike ndo uvute. Kibano cha nyusi achana nacho, kama nafasi haipo kinasukuma ndani zaidi. Vipande vyote viwili tunza, mchonga funguo anaviunganisha anakopi.
Halafu orijino yenye rimoti iko wapi? Si ubonyeze tu mlango ufunguke, kipande utoe ukiwa umetulia?

Kimara_Mwisho
Shukrani mkuu. Imezunguka kidogo. Ila jamaa ashavuta umeme kwa kinyozi na nimempa advansi, naona kama kutoboa ni haraka zaidi

Mzaramo Halisi
Sinza, saa nane mchana, siku ya kazi. Mkuu hilo gari limepaki nje ya gest gani tuje kukusaidia kusukuma 😂

Dereva wa Masafa
Mimi yalinikuta Dumila usiku natoka Dodoma na Fuso, ikakatikia kwenye swichi kabisa, yaani umesimama barabarani na mzigo wa vitunguu vya watu vinaanza kunuka, utingo wangu akanambia bosi tuweke supa gluu kwenye kichwa tugandishe na kipande, nikamwambia weka, basi ikaganda kila kitu, swichi nzima ikawa jiwe, tukalala pale, asubuhi mwenye vitunguu kanipigia sijui nimwambie nini. Tangu hapo utingo wangu hashiki gundi ya aina yoyote hata ya viatu.

Kimara_Mwisho
Kwani supa gluu ina shida? Fundi aliweka kidogo ile mwanzo

Fundi Kipara
😩 Tafuta dawa ya kutolea rangi ya kucha, ile yenye asetoni, saluni yoyote hapo Sinza wanayo. Matone machache ndani ya tundu, isimwagikie rangi ya gari, usubiri ilainike. Na swali langu hujajibu. ORIJINO IKO WAPI?

Mama Shayo
Hata mimi naona analikwepa.

Kimara_Mwisho
Jamani mbona mnanibana. Orijino anayo mwenye gari, ni baba mkwe, yuko Moshi msibani. Kaliacha nyumbani niwe naliwasha asubuhi betri isife, na funguo akaniachia, ila kabla hajasafiri akaipitia akaondoka nayo. Mimi nilikuwa nimeshachongesha kopi Kariakoo kwa ajili ya dharura tu, mtu mzima huwezi kukaa na gari uani halafu unapanda daladala. Leo nimetoka kidogo kumuona fundi simu. Kwa hiyo kumpigia haiwezekani, ndo maana nasema bora kitasa kibadilishwe limeisha hilo.

Mama Shayo
Baba wa mke wako ni mzazi wako. Piga simu, msalimie, mpe pole ya msiba, halafu mweleze. Atafoka, atanyamaza. Akikuta mwenyewe ndo hatanyamaza.

Mzaramo Halisi
Fundi simu ana jina lakini?

Sungusungu
Nyie watu mnaakili kweli? Soma tena alichoandika. Gari si lake. Mwenyewe amesafiri. Kopi kaichongesha kimyakimya. Anataka afungue mlango haraka bila mwenyewe kujua. Mmekaa hapa mnamfundisha mwizi hadi namna ya kushika bledi.

Dereva wa Masafa
Au ni chai. Premio yangu ina immobilaiza, nilichonga kopi ya mtaani isiyo na chipu ikafungua mlango vizuri, injini haikuwaka ng'o. Huyu gari kalitoaje uani?

Kimara_Mwisho
Mwizi gani anaita fundi mchana kweupe mbele ya kinyozi na mama ntilie? Chipu ipo, mzee alifungiwaga ya pili kwa tepu chini ya usukani kipindi ile orijino ilikuwa inasumbua. Kopi yoyote inawasha. Kama huwezi kusaidia pita

Sungusungu
Lete picha ya kitasa.

Kimara_Mwisho
Chaji 4%

Sungusungu
☕☕☕ ya tangawizi kabisa

Buda wa Kirinyaga Road
Hiyo ya chip kufungwa na tape iko, hapa Nairobi nimeiona mara mob, mafundi hufanya hivyo mtu akikataa kulipia programming. Lakini mwambie mzee aitoe bana, mtu yeyote akichonga key ya elfu mbili anaenda na gari.

Fundi Kipara
Chai au si chai mimi najibu gari. Kimara, hicho kitasa cha dukani kinakuja na funguo yake. Ukikiweka leo, mkwe wako akirudi na ile orijino rimoti itafungua mlango na swichi itawaka kawaida, ila siku betri ya rimoti ikifa au betri ya gari ikilala, atachomeka funguo yake mlangoni na haitazunguka. Hapo utaanza kueleza upya. Kitasa chako cha zamani hakijafa bado, kikitoka kizima vibati vinasafishwa vinabaki vilevile. Na hata ukinunua kipya, mchonga funguo mzuri anahamisha vibati vya zamani vikae kwenye kipya, funguo ya mzee ikubali.

Mzaramo Halisi
Kimya. Drili imeingia hiyo

Kimara_Mwisho
Nimeazima chaji kwa kinyozi. Mkuu Kipara, hivyo vibati vikishatobolewa viwili vitatu, vilivyobaki bado vinahamishika?

Fundi Kipara
Aliyetoboa ni nani, na ametoboa juu au chini ya tundu?

Kimara_Mwisho
Katikati